Wajane Walionung'unika: Ugomvi wa Kabila na Dini Huanzia Wapi?

Maandiko ya somo: Matendo 6:1–7
Soma pia: Mwanzo 13:5–12, Yoshua 22:10–34, Waamuzi 12:1–6, Matendo 19:23–41
Lengo: Kujua mbegu za vita vya kijamii zikiwa bado ndogo, na kujua kazi ya mwamini kabla hazijaota.

UTANGULIZI

Wiki hii tunaingia katika somo ambalo wengi wetu tunalipita kando. Tunaombea taifa kila Jumapili, ni kweli. Tunafunga na kuomba uchaguzi ukikaribia. Lakini ni mara ngapi tumekaa chini na kuuliza: watu waliochota maji kisima kimoja, wakaoana, wakazikana, wakachangiana harambee, inakuwaje siku moja wanashikiana panga?

Jibu ambalo tumezoea ni rahisi: "Ni ukabila tu," au "Ni ile dini yao." Hebu tulipime. Kenya ina makabila zaidi ya 40, na yalikuwa hapa hata siku za amani. Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa karibu Wakenya 85 kati ya kila 100 ni Wakristo, na karibu 11 ni Waislamu. Kama tofauti peke yake ingekuwa inaleta vita, tungepigana kila asubuhi sokoni. Na tena, vita vibaya zaidi tulivyoviona, vile vya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, katika Bonde la Ufa vilipiganwa kwa sehemu kubwa na watu wanaosoma Biblia moja. Zaidi ya watu 1,100 walikufa. Mamia ya maelfu walifurushwa makwao. Sasa hapo utasema ni dini gani?

Maandiko yanatupa jibu la ndani zaidi. Tofauti ni kuni tu. Kuni zinaweza kukaa uani miaka mingi bila kuwaka. Moto huja pale ambapo kuna dhuluma au hofu ya kweli ambayo hakuna mtu anataka kuisikiliza, halafu akatokea mtu akaipa jina la kabila au la dini. Tushike hilo, kwa sababu somo lote limesimama hapo.

1. MGAO USIO WA HAKI

Fungua Matendo 6. Hili ni kanisa la Pentekoste, kanisa la kwanza kabisa. Roho ameshuka, wagonjwa wanaponywa, maelfu wameokoka. Na bado mstari wa kwanza unatuambia kulikuwa na manung'uniko. Wayahudi wa Kiyunani waliona kuwa wajane wao wanasahauliwa katika mgao wa kila siku, huku wajane wa Waebrania wakipata.

Angalia vizuri. Wote ni Wayahudi. Wote wameokoka. Tofauti yao ni lugha na mahali walikotoka. Lakini shida haikuwa lugha. Shida ilikuwa chakula. Mama mjane amekaa na sahani tupu, na anaona kuwa sahani tupu zote ni za watu wanaoongea kama yeye. Hapo ndipo njaa inapogeuka kuwa kabila.

Hata Abramu na Lutu, mtu na mpwa wake, walifika hapo. Wachunga mifugo wao waligombana kwa sababu nchi haikuwatosha wote pamoja (Mwanzo 13). Ilikuwa shida ya malisho na maji, wala si chuki ya moyoni.

Sasa njoo nyumbani. Vita vya kikabila vya miaka ya 1990 vilianza kuwaka Oktoba 1991 katika shamba la Meteitei, sehemu za Tinderet huko Nandi. Watu wa makabila tofauti walikuwa wanahisa wa shamba moja. Mzozo ulikuwa juu ya umiliki: nani ni mwanahisa halali, na nani ana haki ya ardhi hiyo. Kesi kama hiyo inaweza kuamuliwa na watu wenye daftari na kalamu. Haikuamuliwa. Ikapewa jina la kabila, na ikasambaa mashamba mengine hadi maelfu wakakosa makao.

Huko Pwani nako, sheria ya ardhi ya mwaka 1908 iliwapa hati wale walioweza kupeleka madai yao mbele ya serikali ya kikoloni. Wenyeji wengi hawakupata. Vitukuu vyao leo wanaitwa maskwota kwenye ardhi walikozikwa babu zao. Mtu akikuambia ana uchungu juu ya hilo, usimwambie aombe tu na asahau. Uchungu wake una msingi.

Tusielewe vibaya: dhuluma haihalalishi kumwaga damu. Lakini tukikataa kuisikia, tunawaachia wengine wahubiri juu yake. Na wao hawahubiri amani.

2. MTU ANAYEFAIDI

Dhuluma peke yake mara nyingi huishia kuwa malalamiko. Ili iwe vita, inahitaji mtu wa kuichochea. Soma Matendo 19. Huko Efeso kulikuwa na fundi wa fedha aliyeitwa Demetrio, mtengenezaji wa vihekalu vya Artemi. Paulo alipohubiri, biashara ikashuka. Demetrio akawaita mafundi wenzake. Tazama mpangilio wa maneno yake: kwanza anaongea juu ya mapato yao. Halafu ndiyo anakumbuka mungu wa kike na heshima ya mji! Pesa ndiyo iliyoguswa, lakini alijua watu hawataingia barabarani kwa ajili ya mfuko wake. Kwa ajili ya dini yao, wataingia.

Na waliingia. Mji mzima ukajaa ghasia, watu wakapiga kelele karibu saa mbili nzima. Biblia inatuambia kitu cha kuchekesha na cha kuhuzunisha: wengi wao hata hawakujua ni kwa nini wamekusanyika. Mpendwa, umewahi kuona umati kama huo? Vijana wanarusha mawe, ukimuuliza mmoja sababu anakuambia, "Sijui, lakini wametuchokoza."

Akina Demetrio wetu tunawajua. Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari na kuchukua bunduki. Halafu wakaanza kuwaandama "wabara", watu waliotoka sehemu nyingine za nchi. Manung'uniko ya ardhi na kazi yalikuwa ya kweli, na yalikuwapo miaka mingi. Kwa nini yalilipuka mwaka ule, majira yale? Tume ya Jaji Akiwumi iliyochunguza vita vya kikabila ilikabidhi ripoti yake mwaka 1999, ikaelekeza kidole kwa wanasiasa na maafisa wa serikali. Ripoti hiyo ilikaa kabatini hadi 2002 ndipo wananchi wakaisoma.

Kwa hivyo ukisikia mtu anakuambia kabila lako au dini yako iko hatarini, jiulize swali moja la Matendo 19: huyu atapata nini nikikasirika? Wakati wewe uko barabarani na jiwe, watoto wake wako wapi?

Kilichouokoa mji wa Efeso ni karani wa mji. Hakuwa mwamini. Aliwatuliza, akawaambia kama Demetrio ana shtaka na mtu, mahakama ziko wazi, apeleke huko. Neno la busara sana. Ugomvi unaopelekwa mahali pa haki hupoa, lakini unaopelekwa uwanjani huchemka.

3. HABARI ISIYOTHIBITISHWA

Yoshua 22 ni sura ambayo hatuihubiri sana. Makabila mawili na nusu, Reubeni, Gadi na nusu ya Manase, walikaa ng'ambo ya Yordani. Wakajenga madhabahu kubwa karibu na mto. Habari ikafika kwa ndugu zao: "Wamejenga madhabahu yao! Wamemwacha Mungu!" Taifa lote likakusanyika Shilo tayari kwa vita. Ni ugomvi wa dini na wa kabila kwa pamoja.

Lakini kabla ya kuvuta upanga, wakatuma watu waulize. Finehasi, mwana wa kuhani, na wakuu kumi wakaenda uso kwa uso. Na jibu likawashangaza. Wale ndugu walikuwa wamejenga madhabahu kama ushahidi tu, kwa sababu waliogopa kwamba siku moja watoto wao wataambiwa hawana fungu katika Bwana. Yaani upande mmoja ulidhani ni uasi, kumbe upande wa pili ulikuwa na hofu ya kutengwa! Pande zote mbili ziliogopa. Safari moja ya kwenda kuuliza ikaokoa maelfu.

Mwaka 2008 habari zilisambaa kwa jumbe za simu na kwa redio, na nyingine zilikuwa sumu tupu. Leo zinasambaa kwa WhatsApp kwa kasi kuliko hapo, hata kwenye makundi ya kanisa na ya maombi. "Tuma kwa watu wetu wote kabla hawajatuvamia." Mpendwa, wewe uliyetuma uliuliza nani? Finehasi alitembea hadi ng'ambo ya mto. Wewe umeshindwa kuvuka barabara umuulize jirani?

4. KUMHESABU MTU KWA JINA LAKE

Waamuzi 12 inatupa neno ambalo dunia nzima inalijua: Shibolethi. Waefraimu walikuwa na kinyongo kwamba hawakuitwa vitani. Maneno yakarushwa, matusi yakafuata, Wagileadi wakaitwa wakimbizi tu. Matusi yakawa vita. Halafu Wagileadi wakasimama kwenye vivuko vya Yordani, na kila aliyetaka kuvuka aliambiwa atamke neno moja. Akikosa sauti ya "sh", anachinjwa. Wakafa 42,000, wana wa Israeli kwa mikono ya wana wa Israeli.

Kivukoni hakuna aliyeulizwa, "Wewe ulifanya nini?" Swali lilikuwa, "Wewe ni wa nani?" Dhambi ya mmoja imekuwa dhambi ya wote wanaotamka kama yeye.

Sisi pia tumevuka vivuko hivyo. Mwaka 2008 kwenye vizuizi vya barabarani watu waliulizwa vitambulisho ili jina la pili lisomwe. Novemba 2012, bomu lilipolipuka ndani ya matatu huko Eastleigh, umati ukawageukia Wasomali na kuwapiga, wengi wao majirani ambao bomu hilo lingeweza kuwaua pia. Na tarehe 22 Novemba 2014 karibu na Mandera, magaidi wa Al-Shabaab walisimamisha basi la kwenda Nairobi, wakawatenga walioshindwa kukiri shahada ya Kiislamu, wakaua watu 28.

Huanza na maneno. Kabla mtu hajauawa kama wadudu, huwa ameitwa mdudu muda mrefu. Neno "madoadoa" limetumika nchini kwetu kuwataja majirani wa kabila lingine kama uchafu kwenye kitambaa, na mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano, NCIC, ililiweka katika orodha ya maneno ya chuki. Sikiliza mezani kwako nyumbani. Watoto wanajifunza Shibolethi gani?

5. KANISA LINALOPANGA MSTARI

Hapa ndipo somo linapouma. Tarehe 1 Januari 2008, Kiambaa karibu na Eldoret, familia zilizokimbia vijiji vyao zilijificha ndani ya kanisa, kanisa la Kipentekoste kama letu. Liliteketezwa na watu ndani yake, wengi wao wanawake na watoto. Kabla mwezi huo kwisha, huko Naivasha, familia za upande mwingine zikachomwa ndani ya nyumba. Damu ilijibiwa kwa damu, na wote walioanguka walikuwa watu wa Mungu.

Februari 2008 viongozi wa Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, walikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walishindwa kukabili mambo haya kwa sababu waliegemea pande. Kulikuwa na unabii wa kila upande. Wachungaji waliweka mikono juu ya wagombea wa nyumbani kwao na kusema Mungu amechagua. Sasa muumini atamsikiliza nani akimwambia arudishe panga?

Hatusemi imani zote ni sawa. Tunamhubiri Yesu bila aibu, na tutaendelea. Lakini kumhubiria mtu na kumchukia ni safari mbili tofauti. Huwezi kumpelekea Injili mtu ambaye umeshamwombea aondoke mtaani.

6. DAWA: WALICHOFANYA MITUME

Rudi Matendo 6. Mitume walipata malalamiko ya kikabila ndani ya kanisa. Wangeweza kusema, "Hayo ni ya kimwili, nyamazeni tuombe." Hawakusema. Tazama hatua zao.

*Kwanza, walisikiliza.* Hawakuwaambia wajane kwamba wana roho ya manung'uniko. Walikubali kuwa kuna tatizo.

*Pili, waliita watu wote.* Jambo halikumalizwa chumbani na wakubwa watatu. Mkutano mzima ulihusishwa, mchana peupe.

*Tatu, walirekebisha mgao wenyewe.* Watu saba walichaguliwa kushughulikia meza. Tena soma majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani! Waliolalamika ndio waliokabidhiwa chakula, wagawie na Waebrania pia. Hiyo ni imani kubwa kuliko kunena kwa lugha, wapendwa.

*Nne, walitaka watu wenye sifa.* Walioshuhudiwa kuwa wema, wenye Roho na hekima. Haikuwa kugawana vyeo kwa kabila tu.

Matokeo? Mstari wa 7: neno likaenea, wanafunzi wakaongezeka sana. Haki kwenye sahani ilileta uamsho.

Kanuni hii inafanya kazi hata nje ya kanisa. Miaka ya mwanzo ya 1990 koo za Wajir zilipigana vibaya, Waislamu kwa Waislamu, tena Wasomali kwa Wasomali. Vita vilifika hadi sokoni, akina mama wa ukoo mmoja wakakataa kuuziana na wa ukoo mwingine. Kikundi kidogo cha wanawake, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi, kilianzia hapo hapo sokoni. Wakaunda kamati ya wanawake wa koo tofauti kuhakikisha kila mama, wa ukoo wowote, ananunua na kuuza kwa usalama. Kutoka sokoni wakaenda kwa wazee, na mwaka 1993 wazee wakatia sahihi azimio la amani, lile la Al Fatah. Hao hawakusoma Matendo 6. Lakini waliona kile mitume walikiona: anza na meza.

Na Shibolethi nayo inaweza kuvunjwa. Desemba 2015 basi lingine lilivamiwa karibu na El Wak, likielekea Mandera. Magaidi wakaamuru Waislamu na Wakristo wajitenge. Safari hii Waislamu wakakataa. Wanawake wakawapa wenzao Wakristo hijabu wajifunike. Mwalimu mmoja Mwislamu, Salah Farah, alipigwa risasi, na Januari 2016 akafariki hospitalini. Kivuko kilikuwa kimewekwa, na abiria wakakataa kutamka neno. Je, sisi tunaohubiri msalaba kila Jumapili, tungekataa?

KAZI YA WIKI HII

1. Tazameni kamati zenu: ujenzi, ustawi, basari, kwaya. Kama majina yote yanatoka upande mmoja, na upande mwingine umenyamaza, usidhani wameridhika. Nenda ukaulize.
2. Mkutano wa kanisa uendeshwe kwa lugha ambayo kila aliyeketi anaielewa. Ukianza kuongea lugha ya nyumbani katikati ya hesabu za pesa, mwenzako atafikiri unamficha kitu.
3. Usisambaze habari ya kutisha kuhusu jamii yoyote kabla hujamuuliza mtu wa jamii hiyo unayemjua. Kama humjui hata mmoja, hilo ndilo tatizo lako la kwanza.
4. Ukisikia mzozo wa mpaka, maji au malisho mtaani, upelekeni mapema kwa wazee, chifu au mahakama. Usiungoje upate jina la kabila.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Katika Matendo 6, ingekuwaje kama mitume wangewakemea wajane badala ya kuwasikiliza?
2. Ni manung'uniko gani ya kweli yaliyopo mtaani kwetu ambayo hakuna mtu anayetaka kuyataja?
3. Soma tena Yoshua 22. Nani katika ushirika huu anaweza kuwa Finehasi wetu? Atamwendea nani?
4. Ni maneno gani ya utani tunayotumia kuhusu kabila au dini nyingine ambayo tungeona aibu kuyasema mbele yao?

MAOMBI

Bwana, tupe masikio ya kusikia wajane walio kando ya meza. Ondoa Shibolethi vinywani mwetu na mwa watoto wetu. Wafiche wanyonge mbele ya akina Demetrio wa kizazi hiki. Na siku kivuko kitakapowekwa barabarani, utupe moyo wa kusimama na jirani yetu. Katika jina la Yesu. Amina.